Koo la Mti

Watu wa Bessemer hatukosi la kubishania. Tutabishana nani anachoma mbavu tamu kuliko wenzake, mchungaji yupi angestaafu jana, hata mvua ilianza kunyesha saa ngapi. Lakini miaka ile ya sabini, ukisema kwamba katika Alabama nzima hakuna aimbaye besi kumshinda Lemuel Grayer, hukupata wa kukupinga. Lem akishuka na sauti yake, benchi la kanisa lilitetemeka mgongoni mwako, na dhambi uliyokwisha kuisahau ikakurudia palepale.

Nje ya kuimba hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa seremala wa kiwanda cha mabehewa ya treni, akipigilia mbao za sakafu tangu ujana mpaka walipomstaafisha. Mrefu, mikono mipana, mkimya wa kuudhi. Mkewe, Vernice, alikuwa akisema ameolewa na kabati la nguo, ila kabati la kweli halidondoshi vumbi la mbao kitandani. Ukitaka kumsikia Lem ungoje Alhamisi jioni, siku ya mazoezi, au Jumapili.

Kundi lao liliitwa Taa Nne za Bessemer, nao walikuwa wanne kweli. Aliyeongoza ni Clevon Rudolph, mtu mfupi mwenye kifua mbele, ambaye asipolowa jasho huona hajaimba. Sauti ya juu ilikuwa ya Ezell Hatter, kinyozi, na mazoezi yalifanyika kwenye duka lake la kunyolea baada ya wateja kuondoka. Sauti ya kati ilikuwa ya Shemasi Burrell Snow, aliyeimba macho kayafumba kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Chini yao wote alisimama Lem, akiwabeba. Nao hawakutumia ala yoyote. Makundi mengine yalikuwa yameshaingiza magitaa na ngoma zamani, na Clevon aliyaita hayo watu wa waya. Aliapa mbele za watu, tena kanisani, kwamba siku Taa Nne zitakapowashwa kwa umeme yeye atakuwa keshatangulia kaburini.

Basi masika ya mwaka mmoja Lem akaanza kukohoa. Alijikaza kisabuni kama wanaume wetu wanavyojikaza, akinywa asali na ndimu, mpaka Vernice akamburuta hospitali. Daktari akakuta uvimbe kooni. Wakaukata wote, na Mungu ashukuriwe haukurudi tena, lakini ulipoondoka uliondoka na sauti. Kilichobaki ni mnong'ono, ule wa mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Daktari alimwambia ashukuru yu hai. Lem alishukuru, maana ni mtu mwenye adabu, kisha akaenda nyumbani akaketi barazani wiki nzima bila kugusa hata mkate wa mahindi, na mkate wa mahindi wa Vernice si kitu cha kuachwa kipoe.

Alhamisi aliyopata nguvu ya kutembea alikwenda kwa Ezell, akakaa kwenye kiti chake cha kila siku. Wenzake wakaimba. Nyimbo zilikuwa zilezile, lakini chini palikuwa patupu, na watu watatu wale waliimba huku wakikwepa kumtazama. Walipofika pale ambapo wote hunyamaza ili besi ishuke peke yake, walinyamaza kwa mazoea. Kikapita kimya ambacho Ezell anasema hatakisahau. Clevon akakohoa, akarukia ubeti unaofuata.

Siku chache baadaye Clevon alikuja barazani kwa Lem, akakaa, akaongea juu ya nyanya, akaongea juu ya gari lake, akamaliza maneno yote ya pembeni yaliyopo duniani. Vernice alimletea chai ya baridi, akamwambia aseme alichokuja kusema, kwa sababu nyanya hazijawahi kumtoa jasho namna ile.

"Maadhimisho yetu ni Oktoba, Lem," alisema mwishowe. "Makundi tumeshayaalika. Siwezi kusimama na watu watatu nikajiita Taa Nne."

"Nani?" Lem alinong'ona.

"Alphonse Dial, yule wa Fairfield. Hajafika kwako hata robo. Lakini koo analo."

Lem akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Clevon. Alimwomba jambo moja tu: asimkabidhi Dial mahali pake moja kwa moja mpaka maadhimisho yafike. Clevon akakubali upesi, vile mtu anavyokubali ombi la mfiwa, bila kujiuliza litatimizwaje. Hata Lem mwenyewe hakujua. Alichojua ni kwamba tangu akiwa kijana, mahali pekee duniani alipojiona mtu kamili ni pale chini ya sauti tatu za wenzake, na sasa anaambiwa ahame.

Jibu lilimjia Jumapili moja alasiri, kanisani kwetu Nebo Mpya, siku ndugu wa Skipwith walipokuja kuimba. Hao walikuwa watu wa waya hasa: wanaume watatu wa kuimba na kupiga, na dada yao, Jonetta, kwenye gitaa la besi. Lem alikuwa amekwenda kwa kuburutwa. Akafumba macho asione zile nyaya. Na alipofumba, akasikia kitu kikitembea chini ya sauti za wale ndugu, kikizipokea zikianguka, kikizisukuma zikichoka. Alifumbua macho kuona ni nani anayeimba besi namna ile. Hakuna aliyekuwa anaimba besi. Alikuwa Jonetta Skipwith, mwanamke wa miaka thelathini na kitu afanyaye kazi ya kufua mashuka hospitalini, amesimama na nyuzi zake nne, anatafuna bazoka.

Ibada ilipokwisha Lem akamfuata. Ilibidi ainame amnong'oneze sikioni, na Jonetta, ambaye hakuwa amezoea wazee wa kanisa kumnong'oneza, alirudi nyuma hatua moja kwanza. Alipoelewa alicheka. Akauliza umri wake. Lem akamtajia. Akacheka tena, kisha akaiona ile mikono mipana, akaacha kucheka.

"Ndugu Grayer, mimi nafundisha kwa ukali," alisema. "Usije ukanishitaki kwa mchungaji."

Lem alipata gitaa kuukuu kwenye duka la vitu vya rehani, jekundu lililokwaruzika, na spika yenye ukubwa wa sanduku la viatu. Vernice alipoliona mezani aliuliza kama kabati la nguo sasa linataka kuwa redio. Lem aliinama juu yake. Alikuwa akilitazama shingo lake refu na vile vyuma vyembamba vilivyolikata kwa upana chini ya nyuzi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na noti yake, na kwa jicho la fundi alikubali kwamba kazi ilikuwa safi.

Sasa sikilizeni, watu hudhani gitaa la besi ni jepesi kwa sababu nyuzi ni nne tu. Uzi mnene kuliko wote ni waya wa kuanikia nguo. Ukiubonyeza kwa kidole cha mtu aliyezidi miaka sitini, kidole ndicho kinachobonyea. Wiki za kwanza vidole vya Lem vilitoa malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu ya yale. Akibonyeza sawa, mkono wa kulia unagonga uzi wa jirani. Akigonga uzi sawa, ule aliouacha nyuma unaendelea kuvuma kwa kiburi chake. Jonetta alikuwa akija jioni akitoka kazini, anaketi jikoni, analishwa kunde na sukuma, huku anamsimanga mwanafunzi wake bila huruma. Alimwambia anashika gitaa kama mtu anayemzuia kuku asitoroke. Alimwambia bibi yake mwenye baridi yabisi angekuwa keshafika wimbo wa pili. Lem alipokea yote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu mzee aliinama, jioni baada ya jioni, mpaka shingo ikamuuma.

Mimi nasema, na simwombi mtu ruhusa, kwamba hapo ndipo ukubwa wa Lem Grayer ulipoonekana. Kuwa bingwa si kazi, ukishakuwa bingwa. Lakini mtu aliyekuwa wa kwanza Alabama nzima, akubali kuwa wa mwisho jikoni kwake, mbele ya mkewe, akichekwa na binti anayetafuna bazoka! Wengi wetu tungekwenda kulala.

Mwezi wa pili wa masomo vidole vikaota sugu, na noti zikaanza kupatikana. Zikapatikana nyingi mno. Lem alikuwa amefurahi kugundua kwamba gitaa halichoki, akawa anapiga bila kuacha hata nafasi ya kupenyeza sindano. Jonetta akamwekea mkono juu ya nyuzi, akamwuliza, alipokuwa anaimba, alikuwa anapumua wapi. Lem akafikiri. Akaonyesha: hapa, na hapa. Jonetta akamwambia basi apumue palepale, kwa sababu besi isiyopumua inawanyima hewa wenzake. Tangu siku ile ukimtazama Lem akipiga ungeona midomo yake ikiimba kila neno kimyakimya, na mabega yakipanda pale pa kuvuta pumzi. Jonetta alikwenda nyumbani akawaambia kaka zake kwamba mzee yule atawatia aibu wote.

Agosti Lem akajiona yuko tayari. Alhamisi akabeba gitaa na kile kispika, akaingia kwa Ezell. Burrell Snow alifumbua macho, jambo la kihistoria. Clevon alitazama waya ukichomekwa ukutani, lakini mwenzake wa miaka yote ile alikuwa amesimama mbele yake na vidole vyenye sugu. Akasema haya, tuone.

Clevon hakuwahi kutafuta ufunguo wa wimbo kwenye kinanda wala filimbi. Anaguna kifuani, wimbo unatokea hapo ulipotokea, na wenzake wanamfuata. Akaguna. Wakaanza. Lem akabonyeza noti yake, ikawa chini kidogo. Akapanda chuma cha pili, ikawa juu kidogo. Mahali alipokuwa Clevon hapakuwa na chuma. Alikuwa katikati, penye mti mtupu, na popote Lem alipobonyeza, gitaa lilisaga dhidi ya sauti za watu kama mlango uliovimba kwa mvua. Ezell alikunja uso. Wakasimama.

Lem hakukata tamaa. Alimwashiria Clevon agune tena, akakaza na kulegeza nyuzi zote nne mpaka zikalingana na ule mguno. Wakaanza upya, na ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili ulikuwa mzuri. Lakini Clevon akinogewa hupanda. Siku zote wamepanda hivyo, kidogokidogo, bila kujua, na sisi waumini tukipanda nao. Bessemer hatujawahi kuumalizia wimbo pale tulipouanzia. Kumbe zamani Lem alikuwa akipanda nao bila kuwaza, koo lake likijinyoosha lenyewe. Sasa wenzake walipanda, gitaa likabaki chini, na kufikia ubeti wa nne palikuwa na nyimbo mbili chumbani, zote mbaya.

Clevon aliinua mkono. Alikuwa na machozi, na alichukia watu wamwone nayo.

"Si wewe, Lem. Ni waya," alisema. "Nimwambie Dial aje Alhamisi."

Lem akachomoa waya wake, akauzungusha vizuri, akaaga kila mtu kwa mkono. Vernice alimwona akiingia. Alimpakulia chakula, akakaa naye mpaka kikapoa, na moyoni alimlaani Clevon Rudolph, daktari, Jonetta, na mtu wa kwanza aliyebuni umeme.

Kesho yake asubuhi alisikia kelele bandani. Lem alikuwa na banda la useremala nyuma ya nyumba, na Vernice alipochungulia roho ilimruka. Mumewe amelilaza lile gitaa juu ya meza, nyuzi zimevuliwa, ameshika koleo la kung'olea misumari. Anakipasha chuma moto, anakitia koleo, anakinyanyua taratibu, anakiweka pembeni. Kisha kinachofuata. Vernice alidhani uchungu umempanda kichwani na anavunja kitu kwa hasira. Alimwita mara mbili. Lem akageuka, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko wakati wowote tangu hospitali. Akageukia kazi yake.

Alipomaliza kung'oa, akachonga vipande vyembamba vya mti wa jozi, akavigonga katika kila ufa ulioachwa na chuma, akatia gundi, akapiga msasa mpaka shingo lote likawa laini kama mpini wa jembe la babu yako. Mtu aliyetandika sakafu za mabehewa ya kutosha kwenda Chicago na kurudi asingeshindwa na kasakafu kale.

Jonetta alikuja jioni kwa somo. Alipoliona gitaa alikaa juu ya ndoo.

"Ndugu Grayer, umeliua," alisema. "Sasa utajuaje pa kuweka kidole?"

Lem alipitisha kiganja juu ya lile shingo tupu.

"Koo langu nalo halikuwa na vyuma," alinong'ona.

Jonetta naye aliligusa. Alikuwa amekwisha kuona magitaa ya namna ile, alituambia baadaye, mikononi mwa wapigaji waliobobea, watu wa majiji makubwa waliopiga maisha yao yote. Kwa mwanafunzi asiyefikisha hata miezi sita, ilikuwa ni kumtupa mtoni mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuogelea kwenye beseni. Akasema wazi kwamba yeye hapo hana la kumfundisha, atakuja kula kunde tu. Na kweli aliendelea kuja.

Basi Lem akaanza upya, na mwanzo wa pili ulikuwa mchungu kuliko wa kwanza. Kidole kikikosea kwa unene wa ukucha, noti inalia vibaya. Jirani mmoja aliuliza kwa upole kama paka wa Grayer anaumwa. Lem alijaribu kufuata redio, lakini redio haipandi wala haishuki. Alihitaji mtu.

Mtu huyo alikuwa jikoni siku zote hizo, na wala hakuwa amemwona. Vernice akiosha vyombo huimba. Si mwimbaji, wala hajidai. Huanza wimbo popote, akausahau akisugua sufuria, akaurudia mahali pengine kabisa. Jioni moja Lem akaleta kigoda, akakaa nyuma yake, akaanza kumfuata. Akimkosa, anatelezesha kidole mpaka ampate. Vernice alihisi, akapanda kidogo kumjaribu. Gitaa likapanda. Akashuka ghafla. Gitaa likashuka, likachelewa, likafika. Akaanza kucheka na maji ya sabuni mkononi, akamkimbiza mume wake juu na chini kama wasichana wanavyowakimbiza wavulana, na kila alipokimbilia alimkuta.

Kisha akaacha kucheka. Akajifuta mikono, akasema bila kugeuka, "Ulipokuwa na sauti hukuniimbia jikoni hata siku moja, Lem. Yote ulikuwa unawapelekea wale watatu."

Kweli ile ilimpata barabara. Lem akasogeza kigoda karibu.

"Endelea," alinong'ona. "Nipo."

Vernice akaendelea. Waliendelea hivyo kila jioni mpaka majani yakaanza kubadilika rangi, na vyombo vya nyumba ile havijawahi kung'aa vile.

Alhamisi ya mwisho kabla ya maadhimisho, Lem akafungua tena mlango wa Ezell. Alphonse Dial alikuwepo, mtu mnene mwenye tabasamu, dereva wa gari la mikate, na kusema haki aliimba vizuri, sina ubaya naye. Suti ya kundi alikuwa ameshashonewa. Clevon alipoona waya ukikaribia ukuta alifura. Lakini Ezell, ambaye ndiye mwenye nyumba, alisema umeme ni wake na anaulipia yeye.

"Wimbo mmoja," alisema Clevon. "Kwa heshima ya miaka yetu. Kisha tufanye kazi."

Akaguna. Sitashangaa kama siku ile aliguna kwa makusudi mahali pa ajabu, maana Clevon ni mjeuri. Kidole cha Lem kikatua pembeni kidogo, kikateleza, kikaingia. Burrell Snow akafumbua macho, akayafumba tena haraka. Dial alikuwa ameanza kuimba besi, kama alivyofundishwa, na kwa mstari mzima walikuwa wawili mahali pamoja. Clevon akanogewa, akapanda. Gitaa likapanda naye. Alipokuwa akivuta pumzi Clevon, Lem naye alivuta, mabega yakainuka pamoja kama zamani. Katikati ya ubeti wa tatu Dial akanyamaza. Wakafika pale pa wote kunyamaza. Wakanyamaza. Gitaa likashuka peke yake, polepole, likiteleza kutoka noti mpaka noti bila kuruka hata moja, mpaka chini kabisa, na huko chini likatulia, likapumua.

Walimaliza. Clevon akamgeukia Dial kwa ukali, akamwuliza nani kamwambia aache.

"Ndugu Clevon, hapa mahali pana mwenyewe," alisema Dial. "Nami nina watoto wanne na mke anayenung'unikia Alhamisi. Usinishike kwa nguvu."

Clevon akatoka nje. Walimwona kupitia dirishani akiwa amesimama ukingoni mwa barabara, amewapa mgongo, mikono mfukoni. Hakuna aliyemfuata. Lem alikaa na gitaa mapajani akitazama sakafu. Clevon aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kile kispika, akakiinamia, akakitazama kwa dharau.

"Kipunguze," alisema. "Kisizidi mtu."

Habari ilivuka mji kabla ya Jumamosi. Siku ya maadhimisho Nebo Mpya ilijaa mpaka mapepeo ya kujipepea yakaisha, na si wote waliokuja kwa ajili ya Mungu. Watu wa waya walikaa nyuma wakiwa wameshatayarisha vicheko vyao. Mmoja wao alimwuliza Clevon pale mlangoni kama kaburi ameshalichimba au bado anapima udongo. Clevon alipita kifua mbele.

Wakaimba. Siwezi kuwaimbia hapa, na anayejidai anaweza kuiweka sauti ile kwenye karatasi anawadanganya. Nitasema tu kwamba tulipanda nao kama tulivyozoea, na hakuna aliyeachwa chini. Vernice alikuwa benchi la tatu, na kila Lem alipovuta pumzi, naye alivuta.

Kabla ya wimbo wa mwisho huwa kuna desturi. Kiongozi hutaja wenzake mmoja mmoja, jina na kazi yake, na kila anayetajwa hujibu kwa noti yake. Clevon alijifuta uso, akamtaja Ezell Hatter, sauti ya juu, Ezell akajibu juu kabisa. Akamtaja Shemasi Burrell Snow, sauti ya kati, akajibu. Kisha akasita. Kanisa likainama mbele. Kule nyuma walingoja kusikia mdomo wa Clevon Rudolph ukitamka neno gitaa.

"Na anayeimba besi," alisema Clevon, na hapo sauti yake ikakatika, akairudia upya ili kila mtu aisikie. "Anayeimba besi katika Taa Nne za Bessemer, kama siku zote, ni ndugu yangu Lemuel Grayer."

Hakuna aliyecheka. Lem alivuta pumzi kwanza, ndefu, ya kujaza kifua, ndipo akajibu.